Mkunjo wa Goti la Buibui

Profesa alivaa lenzi shingoni, ikining'inia kwa kamba nyeusi ya kiatu, na naanza na lenzi hiyo kwa sababu ndiyo kitu chake cha pekee nilichowahi kukipenda. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alisomea ng'ambo ipi, hayo yatasemwa na watakaosoma wasifu wake siku ya mazishi, na watasema mazuri matupu kama ilivyo kawaida ya mazishi. Mimi nilimjua miaka mingi kama msimamizi wa utafiti wangu wa shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja hapa Machakos. Msitarajie mazuri matupu kutoka kwangu.

Kazi yake ilikuwa viumbe wa miguu minane: buibui, nge, kupe na jamaa zao. Alitaka kujua kila kiungo kinafanya kazi vipi, mguu unanyooka kwa nguvu gani, taya linabana kwa msuli upi, na viungo hivyo vilibadilika namna gani tangu mababu wa viumbe hao walipohamia nchi kavu. Ungemsikia akieleza hayo ungedhani anawapenda. Hakuwapenda hata kidogo. Alipenda miili yao ikiwa ndani ya chupa za spiriti, imetulia, imebandikwa lebo.

Sisi wanafunzi wake hatukuwa na majina. Uliitwa mnyama uliyemchunguza. "Nge, umechelewa." "Kupe, funga mlango." Kupe alikuwa mama wa watoto wawili, akija kila asubuhi kutoka Syokimau, na siku ya kwanza kuitwa hivyo mbele ya wageni alikwenda kulia chooni. Kesho yake akaitwa tena. Mimi nilikuwa Buibui, na nilipojaribu mara moja kumkumbusha jina langu alinitazama kama mtu aliyeombwa abebe mzigo. Kiingereza alikitumia darasani, Kikamba alikitumia kwenye simu, na Kiswahili alikiweka akiba kwa kutugombeza.

Saa ya chakula alijifungia ofisini na flaski ya muthokoi aliyopikiwa nyumbani. Harufu ya mahindi na maharagwe yaliyoungwa vizuri ilitembea korido nzima, sisi tukitafuna mandazi. Hakuna aliyewahi kuonjeshwa. Lakini kulikuwa na paka mmoja mchafu wa idara, jicho moja, na nyama yote iliyokuwa kwenye flaski Profesa alimpa paka huyo dirishani, kipande kwa kipande, akimsemesha Kikamba kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mwanadamu. Sijui niifanyie nini habari hiyo ya paka. Nimeiweka hapa kwa sababu ni kweli.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa mwalimu wa ajabu. Mwaka wangu wa kwanza chuoni aliingia darasani na glavu ya mpira na jagi la maji. Akaijaza glavu nusu, akaifunga mdomo, akaiweka mezani, vidole vimelegea. Kisha akaiminya kwenye kiganja. Vidole vikasimama vyote kwa mpigo.

"Buibui hana msuli wa kunyoosha goti," alisema kwa Kiingereza chake cha darasani. "Ana wa kulikunja tu. Kunyoosha, ananyoosha kwa damu. Anaisukuma mguuni, mguu unasimama. Akifa msukumo unaisha, ndiyo maana unamkuta amejikunja kama ngumi."

Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta shahada ya kunipatia kazi ya kufundisha, basi, na nilitoka pale najua ninachotaka kufanya maisha yangu yote. Mtu akikupa kitu cha namna hiyo, halafu yeye mwenyewe akigeuze kuwa mateso, unamchukia kuliko ambaye hakukupa chochote.

Ilituchukua muda kugundua jambo la pili juu yake, kwa sababu nani angelifikiria? Profesa wa buibui aliogopa buibui. Tukienda porini kukusanya, yeye alibaki ndani ya gari la chuo, vioo juu, joto likimpika, sisi tukipindua mawe juani. Ukimpata nge ukaenda kumwonyesha, kioo kilishuka upana wa vidole viwili.

"Ua kwanza," sauti ilitoka ndani. "Ukishaua ndio unionyeshe."

Alikuwa na maelezo yake ya kitaalamu. Eti aliye hai anakusumbua tu, anahamahama, aliyekufa anatulia unampima. Tuliyapokea maneno hayo kama elimu. Baadaye tukaanza kuona kwamba hata maabara hakuna kitu hai anachokigusa, na kwamba kabla ya kukaa kwenye kiti chake alikiinua akakitazama chini.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Masinga. Mwenzetu aliyeitwa Nge alikuwa ameficha chupa ya jamu chini ya kiti, na ndani yake nge mmoja mweusi, mzima kabisa. Jioni ilikuwa inaingia. Profesa akasikia kitu kinakwaruza.

"Nini hiyo?"

"Ni nge, Prof. Iko hai lakini nimefunga kifuniko kabisa."

Gari lilisimama pale pale Kithyoko, mbele ya maduka. Alitushusha sote, na mabegi yetu, na chupa yetu, akamwamuru dereva aondoke. Hakutazama nyuma. Magari ya kwenda Machakos yalikuwa yameisha, na kama nyumbani kwetu kusingekuwa karibu na soko lile tungelala kwenye veranda za watu. Baba alitupokea, tukala ugali na ndengu, kisha akauliza ni mwalimu wa aina gani anaacha watoto wa watu barabarani. Tulipomweleza alicheka mpaka akashika kiuno.

"Anaogopa hizo vitu na ndio anasomea?"

"Ndio, Nau." Hivyo ndivyo nilivyomwita baba yangu, kwa Kikamba.

"Na ni yeye atakupatia hiyo digrii?"

"Ni yeye."

Hapo aliacha kucheka. Akasema tulale, kesho tuamke mapema.

Sifa za Profesa zote zilisimama juu ya kitu kimoja, nacho ni mkunjo. Ofisini kwake kulikuwa na mchoro ndani ya fremu: goti la yule buibui mpana wa ukutani, yule asiyetega utando, anayekimbiza mende majumbani mwetu. Aliuchora mwenyewe kwa wino akiwa kijana, na ni mchoro mzuri, siwezi kudanganya. Kwenye ngozi laini ya upande wa ndani wa goti alikuwa amechora ukingo mgumu, uliokunjika kama springi. Hoja yake ilikuwa kwamba buibui huyu ananyoosha mguu kwa damu kama jamaa zake, lakini mkunjo huo unamwongezea nguvu, ndiyo maana ana mbio za kutisha. Tena alisema mkunjo ni alama ya ukoo, kwamba ukiutazama kwa buibui wa leo unaweza kufuata historia ya jamii yao nyuma sana. Wataalamu wa ng'ambo walimwandikia juu ya mkunjo. Uprofesa aliupata kwa mkunjo. Mimi nilipewa kazi ya kuupima kwa buibui wengi, wakubwa kwa wadogo, niandike tasnifu, nipate shahada yangu.

Nilianza na wale wa kwenye chupa. Kila mmoja alikuwa nao, na nilifurahi. Lakini vipimo havikukaa sawa. Buibui mdogo alikuwa na mkunjo mkubwa, mkubwa akawa na mdogo, na hakuna mpango wowote niliouona mpaka nilipowapanga kwa muda waliokaa kwenye spiriti. Waliolowekwa miaka mingi ndio waliokuwa na mkunjo mnene kabisa. Wa juzi walikuwa na mstari mwembamba tu.

Ndipo nilipoanza kuwafuga. Chumba changu cha kupanga pale mjini kilijaa mikebe ya mafuta ya kupikia, vifuniko vimetobolewa. Majirani mwanzoni walitaka nifukuzwe. Walipojua nawalisha nini wakaanza kuniletea mende wao wamefungwa kwenye karatasi, na ikafika siku ploti nzima haikuwa na mende, nikawa naomba kwa watu wa ng'ambo ya barabara.

Nilimtia mmoja kwenye neli ya kioo, nikamtazama kwa lenzi akipanda. Goti lilipokunjuka, ngozi ile ya ndani ilivimba taratibu, laini, kama shavu la mtu anayepuliza moto. Hakukuwa na ukingo. Nikawatazama wote, dume na jike, hakuna hata mmoja aliyekuwa nao. Nikamchukua mmoja aliyekufa mwenyewe nikamloweka kwenye spiriti. Baada ya siku kadhaa ngozi ilisinyaa, ikakakamaa, na mkunjo wa Profesa ukajitokeza mbele yangu, umetimia kama ulivyo kwenye fremu. Alikuwa amechora kazi ya spiriti. Mtu yeyote ambaye angekubali kumtazama buibui mmoja hai, hata kwa dakika chache, asingefanya kosa hilo.

Nilikwenda ofisini kwake na buibui ndani ya neli, nimeziba kwa pamba. Nilidhani atashtuka, kisha atafurahi kama watu wa sayansi wanavyosemekana kufurahi. Nilikuwa bado mjinga. Alipoona miguu inasogea alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha.

"Ua kwanza."

"Nikiua, Prof, mkunjo unatokea. Ndio nimekuja kukuonyesha. Ikiwa hai hauko."

Macho yake yalikwenda kwenye fremu, yakarudi kwangu, hayakushuka kwenye neli.

"Basi chora huo unaotokea," alisema. "Thesis ni ya mkunjo. Hiyo uliyoshika toa hapa."

Nilikataa. Sikubishana naye, nilikwenda tu nikaandika nilichokiona, nikachora goti jinsi lilivyo, nikampelekea. Bila yeye kuisoma na kuipitisha, tasnifu haiendi kwa watahini na mimi sihitimu. Akaipokea, akaiweka juu ya meza.

"Nitasoma wiki ijayo, Buibui."

Hayo ndiyo maneno niliyoishi nayo. Wiki ijayo. Hakuwahi kuniambia kazi yangu ni mbaya, hakunitukana, hakunirudishia na masahihisho. Ningelia, ningepiga magoti, ningekwenda na barua ya mkuu wa idara, jibu lilikuwa hilo hilo, kwa utulivu, kama mtu anayekupangia kitu kizuri. Wenzangu wakahitimu. Kupe alihitimu, akanipigia simu kunipa pole badala ya kupokea hongera. Mahafali yalikuja yakapita, mahema yakafungwa yakaondolewa, nami nikawa nafundisha madarasa ya watu wengine kama kibarua.

Baba alikuwa amenunua viatu. Vyeusi, vya ngozi, vya kuvaa siku ya mahafali yangu tu. Hakuvivaa hata kanisani. Kila Jumapili alinipigia, akiniita binti kwa Kikamba.

"Mwiitu, huyo mwalimu amesoma?"

"Bado, Nau. Amesema wiki ijayo."

"Basi tungoje."

Alipoanza kuugua moyo aliendelea kuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ndogo zaidi. Alikufa mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, viatu vikiwa kwenye boksi chini ya kitanda. Nasema wazi: nilimchukia Profesa siku ile kuliko nilivyomlilia baba, na hilo pia ni deni lake kwangu, kwamba alinichukulia hata kilio.

Mwishowe sikuokolewa na haki. Alifika umri wa kustaafu, basi. Wanafunzi wake waligawanywa, nikapewa daktari mmoja mwanamama ambaye aliisoma tasnifu yangu haraka na kuipeleka kwa watahini. Alinirudishia ile nakala iliyokuwa ofisini kwa Profesa. Haikuwa na alama ya kalamu popote. Kwenye jalada kulikuwa na miduara ya rangi ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, ya chini ya flaski. Miaka yote hiyo alikuwa ameitumia kama kitambaa cha meza.

Nilihitimu. Kaka yangu alivaa vile viatu, vikambana, akachechemea uwanjani mchana kutwa. Siku hizi nafundisha idara ile ile, na mchoro wa mkunjo umehamishiwa koridoni, juu ya mlango wa maabara, kwa heshima ya aliyestaafu. Tasnifu yangu iko maktaba. Kila mwaka wanafunzi wapya wanautazama mkunjo ule wakiingia darasani kwangu, na kila mwaka naanza upya kuwaambia haupo, na kila mwaka kuna mmoja ananitazama mimi, anaitazama fremu, na naona anaiamini fremu.

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndio Buibui? Pole, sijui jina yako, mzee anakuita tu hivyo." Alikuwa mke wa Profesa, kutoka nyumbani kwao Masii. "Mzee halali. Anasema wako kwa ukuta. Vijana wetu wako Nairobi, hawakuji. Mimi nikitoa moja anasema nimemdanganya, haijatoka. Anasema kuna mtu mmoja tu anaweza kuamini akisema zimeisha."

"Sawa, Mwaitu, nitakuja," nilisema, nikimwita mama kwa heshima ya kwetu. Sikwenda kwa wema. Nilitaka kumwona akiogopa.

Nyumba yao ni ya mawe, ua umefagiwa vizuri. Mama alinipokea vizuri, akanipa chai, akanipeleka chumbani. Kitanda kilikuwa kimevutwa katikati ya chumba, mbali na kuta zote, na kila mguu wa kitanda umesimamishwa ndani ya mkebe wa maji. Juu yake alikaa Profesa, amekonda, blanketi limekunjwa chini ya miguu kila upande. Lenzi ilikuwa bado shingoni, kwa kamba ile ile.

"Umefika," alisema. "Tafuta."

Nilitafuta. Nilikuwa nimekuja na gilasi na kipande cha kadibodi. Nilimtoa mmoja nyuma ya pazia, mwingine kwenye pembe ya dari, nikawapeleka mmoja mmoja mpaka kwenye migomba, mama akishuhudia mlangoni. Kila nilipomwambia Profesa kwamba buibui ametoka, aliitikia kwa kichwa bila kuuliza. Yule wa mwisho alikuwa nyuma ya kalenda ya kanisa, ukutani, usawa wa macho yake kabisa. Jike, mkubwa, miguu imejaa kiganja. Nikamfunika kwa gilasi, nikatelezesha kadibodi. Sikwenda nje. Nilikwenda kitandani.

"Mtoe."

"Angalia kwanza, Prof."

"Ua kwanza."

"Nikiua utaona ile ya spiriti. Hiyo umeshaiona."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima kama ataweza kunifukuza na bado apate usingizi. Kisha akaishika lenzi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, lakini aliileta lenzi mpaka kwenye gilasi na jicho lake nyuma yake. Buibui alikuwa anapanda kioo. Goti likakunjuka, ngozi ikavimba, laini, goti likajikunja tena. Alitazama goti lile, kisha lingine, kisha lingine. Nikaona anasahau kuogopa. Kwa muda mfupi alikuwa yule wa glavu na jagi la maji, na nusura nimsamehe.

"Iko?" nikauliza.

"Hakuna." Akatazama tena kwa lenzi. "Haikuwahi kuwa."

"Baba yangu alikuwa anataka kusikia hivyo."

"Yuko wapi?"

"Alikufa akingoja usome."

Alishusha lenzi. "Pole," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia Kupe afunge mlango. "Haya, sasa mtoe nje."

Nilirudi kwenye kalenda. Nikaiegemeza gilasi ukutani pale pale nilipomkuta, nikavuta kadibodi taratibu, nikasubiri mpaka buibui aliposhika ukuta kwa miguu yote minane ndipo nilipoondoa gilasi. Hakukimbia. Profesa alikuwa amelivuta blanketi mpaka shingoni, macho yametoka.

"Buibui," aliniita. "Mtoe."

"Nitamtoa, Prof," nikamwambia. "Wiki ijayo."